Ukitafuta Nasaba Mombasa, Anza na Ndoa

Wengi wanaoniuliza waanzie wapi kutafuta nasaba ya kwao huwa washakwenda makaburini, Kikowani au Sarigoi, wakazunguka na kurudi mikono mitupu. Makaburi yetu Waislamu hayasemi mengi. Mengine yana mashahidi tu, yale mawe ya kichwani na miguuni, hayana jina, na penye maandishi utakuta jina la marehemu, la babake, na mwaka wa Hijria. Ukiona 1345, huo ni kuanzia katikati ya 1926 hadi katikati ya 1927.

Vyeti vya vifo navyo havifiki mbali. Kaunti inasimamia makaburi ya umma, lakini vyeti vya kuzaliwa na vya vifo viko chini ya serikali kuu, kwa hivyo usipange foleni pasipo pako. Tena kwa Waafrika usajili wa lazima ulienezwa hatua kwa hatua miaka ya 1960, ukaenea nchi nzima 1971. Bibi aliyefariki 1940 yawezekana hana cheti kabisa.

Ndoa, lakini, ziliandikwa. Sheria ya kusajili ndoa na talaka za Kiislamu ilipitishwa 1906, na hapa pwani makadhi wameandika miaka na miaka. Sisi tulikuwa tunamtafuta nyanyake mama yangu, tunajua jina lake moja tu. Cheti chake cha ndoa kikapatikana kwenye sanduku la mama mdogo, kimekunjwa mara nne, wino umefifia kwenye mikunjo. Kilikuwa na jina lake, la babake, mahari, jina la wali, yaani anayemwozesha bibi harusi, na mashahidi wawili wa ndoa. Wali hakuwa baba bali kakake, na hapo tukahisi baba alikuwa ameshakufa siku ya harusi. Kaka yule aliandikwa majina matatu, kwa hivyo tukapata jina la babu kwa mara ya kwanza. Shahidi mmoja wajukuu zake bado wanakaa Kuze, na wao ndio waliotuelekeza kwa jamaa zetu wa Jomvu. Ndiyo maana nasema soma mashahidi kama unavyosoma maarusi. Mtu hushuhudiliwa na watu wake.

Ukienda kutafuta kwenye daftari za kadhi, nenda na kila namna jina linavyoweza kuandikwa: Khamis na Hamisi, Swafiya na Safia, Mwanaisha na Aisha. Karatasi ikiwa ya herufi za Kiarabu usiikisie. Mpelekee ustadhi wa madrasa aliyezoea hati za zamani, maana Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi hizo kinataka mazoea.

Kama kwenu kulikuwa na shamba au nyumba ya wakfu, yaani mali iliyofungwa isiuzwe ili iwafae watu wa ukoo au dini, uliza na huko. Mwenye wakfu huwataja wanawe, mabinti pia, na mabinti ndio wanaopotea upesi kwenye hadithi za ukoo.

Waliotoka Frere Town wana njia nyingine. Makazi yale ya watumwa waliokombolewa yalianzishwa na wamishonari wa CMS, chama cha Kianglikana cha Uingereza, 1875, na wengi walipewa majina mapya walipobatizwa, kwa hivyo jina la ukoo unalolijua huenda ni la ubatizo. Mwone mchungaji umwombe daftari za ubatizo na za ndoa, ukiwa na mwaka wa kukisia na jina la msimamizi wa ubatizo kama wazee wanalikumbuka.