Wasomaji wanauliza: Gee's Bend na kaunti ya Wilcox, Alabama

Tangu tuliposimulia habari za Gee's Bend, kijiji cha Wamarekani Weusi kilichozungukwa na Mto Alabama pande tatu, maswali yamemiminika. Tunajibu baadhi yake.

Kwa nini wengi pale wanaitwa Pettway? Ni ukoo mmoja? (Msomaji, Tanga)

Si lazima wawe ndugu wa damu. Jina ni la bwana aliyewamiliki mababu zao. Joseph Gee alifungua shamba la pamba hapo mwaka 1816, na mwaka 1845 likaingia mikononi mwa Mark Pettway. Huyu alihama kutoka North Carolina na watumwa wapatao mia moja, nao wakaja kwa miguu. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, wengi walibaki na jina hilo na wakaendelea kulima pamba kwenye ardhi ya watu wengine.

Ni kweli walinyang'anywa kila kitu? (Msomaji, Eldoret)

Ni kweli, na inauma kuisimulia. Bei ya pamba ilikuwa imeporomoka hadi senti tano hivi kwa ratili, na wakulima walikuwa wakiishi kwa mkopo wa mfanyabiashara mmoja wa Camden, makao makuu ya kaunti. Alipofariki, warithi wake walidai madeni yote kwa mpigo. Mwaka 1932 watu waliingia kijijini wakabeba ng'ombe, nyumbu, majembe, mahindi, hata viazi vitamu vilivyowekwa akiba. Familia zilikabiliwa na njaa, na chakula cha Msalaba Mwekundu kiliwasaidia kuvuka.

Lililofuata ndilo ningependa likumbukwe zaidi. Mwaka 1937 serikali ya Rais Roosevelt ilinunua shamba lote, ekari zipatazo 10,000, ikajenga nyumba za mbao, shule na kinu cha kuchambulia pamba. Katika miaka ya 1940 familia ziliuziwa viwanja kwa mikopo nafuu. Wajukuu wa watumwa wakawa na hati.

Hati ilibadilisha nini hasa? (Msomaji, Dodoma)

Ilibadilisha mengi. Mwanzoni mwa 1965 Weusi walikuwa wengi kuliko Wazungu katika kaunti ya Wilcox, lakini hakuna hata mmoja wao aliyekuwa kwenye daftari la wapiga kura. Februari mwaka huo Martin Luther King alifika Gee's Bend kuwahimiza wajiandikishe. Kwingineko katika kaunti, mpangaji aliyethubutu aliweza kuambiwa afungashe virago siku hiyo hiyo. Mwenye shamba lake hakuwa na wa kumfukuza. Kwa maoni yangu, ujasiri wa kijiji kile hauelezeki bila hati zile.

Na ile mifarishi ya viraka? (Msomaji, Mombasa)

Ilianza kwa sababu ya baridi. Nyumba zilikuwa na nyufa, na nguo za kazi zilizochakaa hazikutupwa. Mwaka 1942 Missouri Pettway, aliyekuwa amefiwa na mumewe, alishona mfarishi kwa nguo za shambani za marehemu, ili ajifunike nao na kumkumbuka. Utazame kwa karibu uone rangi ya samawati iliyofifia, na sehemu zilizokuwa chini ya mifuko zikibaki nyeusi kidogo. Mwaka 1966 wanawake wa eneo hilo waliunda ushirika, Freedom Quilting Bee, wakauza kazi zao hadi New York. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilitundikwa katika jumba la makumbusho la Houston, na mwaka 2006 ikachapwa kwenye stempu za posta za Marekani.

Naweza kufika huko kwa pantoni? (Msomaji, Atlanta)

Unaweza. Pantoni ilisimamishwa mwaka 1962, wakati watu wa Gee's Bend walipoanza kudai haki zao, na Camden, inayoonekana ng'ambo, ikawa safari ya karibu saa nzima kwa gari. Ilirudi mwaka 2006, miaka 44 baadaye. Tangu 2019 inatumia umeme. Ulizia kabla ya kwenda, kwa maana mto ukifurika haivushi.