Maswali yenu kuhusu mwako wa arki, moto unaoruka ndani ya paneli ya umeme

Fundi, tangu nianze kazi nimefundishwa kuogopa kupigwa na umeme. Mwako wa arki una tofauti gani?

Ili upigwe na umeme, kwa kawaida lazima uguse. Arki haikusubiri uguse. Umeme unaruka hewani kutoka pau moja ya shaba kwenda nyingine, au kwenda kwenye bodi ya chuma, na hewa yenyewe inageuka njia yake. Joto katikati ya arki huweza kufika nyuzi 19,000 za Selsiasi hivi, wakati uso wa jua ni kama 5,500. Shaba haiyeyuki tu, inageuka mvuke, na mvuke huo huchukua nafasi kubwa mara 67,000 hivi kuliko shaba ilivyokuwa. Ndiyo sababu milango ya paneli hung'oka na ngoma za masikio hupasuka. Aliyesimama hatua mbili nyuma, mikono mfukoni, naye huungua.

Kiwandani kwetu ni volti 400 tu. Hayo si ya wenye msongo mkubwa?

Hapana, na naomba swali hili lisomwe na kila anayefungua paneli. Volti peke yake haikuambii ukubwa wa moto. Tazama mambo mawili: shoti ikitokea hapo itavuta ampea ngapi, na breka itachukua muda gani kukata. Karibu na transfoma kubwa, hata kwenye volti 400, mkondo wa shoti hufika makumi ya maelfu ya ampea. Kuhusu muda, hesabu ni nyepesi: arki ileile ikidumu nusu sekunde badala ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, inamwaga nishati mara tano.

Kuna jambo linalowashangaza hata mafundi wazoefu. Arki huvuta mkondo mdogo kuliko shoti kamili ya chuma kwa chuma. Breka ikiuona mkondo huo mdogo inaweza kuchelewa kukata, na wewe uko mbele yake muda wote huo. Kwa hiyo mtu akichoshwa na breka inayokata ovyo, akaongeza muda wake bila hesabu, ameongeza moto utakaompata mwenzake siku nyingine. Nimeona mipangilio ya namna hiyo, na hakuna aliyekumbuka nani aliibadilisha.

Huwa inawashwa na nini?

Bisibisi iliyodondoka, nati iliyolegea, unyevu, vumbi la chuma, kihami (kifuniko kinachozuia umeme) kilichochakaa, panya. Pia kuchomoa au kuchomeka breka huku pau zina umeme, na kupimia kwa mita isiyostahimili mfumo huo.

Bosi anasema kuzima laini ni hasara, tukaze nati umeme ukiwemo. Nivae nini?

Kabla ya nguo, zima. Kukaza nati si kazi ya kufanywa umeme ukiwemo. Tafuta vyanzo vyote, pamoja na jenereta na betri za akiba, kata, weka kufuli lako na lebo, subiri kapasita, vifaa vinavyohifadhi umeme, zitoe chaji. Jaribu mita yako mahali penye umeme unaoujua, pima nyaya zote, kisha ijaribu tena palepale, maana mita iliyokufa nayo husoma sifuri. Inapohitajika, unganisha nyaya na ardhi.

Nguo unazihitaji wakati wa kupima huko, kwa sababu mpaka uthibitishe, paneli bado ina umeme. Kalori 1.2 kwa sentimita ya mraba zinatosha kuunguza ngozi mpaka itoe malengelenge. Kanuni ya Marekani, NFPA 70E, inapanga mavazi kwa ngazi za kalori 4, 8, 25 na 40; linganisha na kalori zilizoandikwa kwenye lebo ya paneli yako. Usivae poliesta wala nailoni ndani, hata soksi: huyeyuka na kugandia ngozi. Na suti ya kalori 40 huzuia joto, haizuii kishindo.

Nikiwasha swichi mlango umefungwa, bado nijihadhari?

Ndiyo. Milango mingi haikutengenezwa kuhimili mlipuko wa ndani. Funga skrubu zote, simama pembeni badala ya mbele, geuza uso, ndipo uwashe. Kama kuna njia ya kuwasha kutoka mbali kwa kitufe cha waya mrefu, itumie hiyo.