Wasomaji wanauliza: nimeingia minus kwenye kikundi, nijitoe?

Swali: Habari za kazi. Mi ni memba wa kikundi cha kubadilishana huduma kwa pointi, hii wanayoita LETS. Nimetengenezewa baiskeli, nimefundishwa kompyuta, mboga nimeletewa, sasa akaunti yangu inasoma minus na sijatoa chochote, mpaka mikutanoni naona aibu kwenda. Bora nijitoe kabla deni halijakua? – Memba mwenye wasiwasi

Jibu: Usijitoe, tafadhali, yaani ukitoka sasa ndo unawaumiza wenzio. Kwanza deni lako halikui, LETS haina riba. Huu mfumo aliuanzisha Michael Linton mwaka 1983 kule Comox Valley, British Columbia, Kanada, kipindi watu wana ujuzi na muda wa kutosha ila pesa ya kulipana ndo haipo, na akautengeneza hivi: kila akaunti inaanza na sifuri, ukimfanyia mtu kazi ya pointi 20 wewe unapanda 20 na yeye anashuka 20, kwa hiyo ukijumlisha akaunti za memba wote jibu ni sifuri siku zote. Sasa jiulize, yule fundi baiskeli plus yake imetoka wapi? Imetoka kwenye minus yako. Kila mtu akiogopa minus hakuna atakayepata plus hata moja na kikundi kinalala.

Tena mi wanaonipa wasiwasi zaidi ni wale wenye plus kubwa wanaozikalia tu, hawaagizi kitu kwa mtu, maana wanawanyima wengine nafasi ya kufanya kazi na kurudi sifuri. Huenda wewe umekwama kwa sababu hakuna anayejua unaweza nini. Tangaza. Si lazima uwe fundi, kuna kukaa na watoto, kumsindikiza mgonjwa hospitali, kupiga pasi, kumsomea barua mzee ambaye macho yamechoka, na hizi ndo huduma zinazotafutwa sana kwa sababu huko nje hakuna anayezilipia vizuri.

Swali: Kwetu kuna mtu amechukua huduma kibao afu akahama kimya kimya. Nani analipa?

Jibu: Aliyemfanyia kazi pointi zake anazo na anazitumia kama kawaida, hasara inabebwa na kikundi kizima kidogo kidogo. Akiwa mmoja mtahimili, wakizidi watu wataacha kuziamini hizo pointi. Wekeni kikomo cha minus, hasa kwa memba wageni, na hesabu ziwe wazi ili kabla hujamfanyia mtu kazi uone salio lake na kama huwa anatoa au anapokea tu. Linton mwenyewe aliutaka huo uwazi tangu mwanzo.

Swali: Tunataka kuanzisha kitu mtaani, nusu wanataka saccos na nusu LETS. Wewe ungechagua ipi?

Jibu: Inategemea mnakosa nini. Kama shida ni pesa yenyewe, kodi, umeme, ada, LETS haitawasaidia, mwenye nyumba hapokei pointi. Hapo ni chama cha kuweka na kukopa, akiba zenu wenyewe ndo zinazokopeshwa kwenu wenyewe, na kila memba ana kura moja hata kama hisa zake ni chache. Ndo njia aliyotumia Raiffeisen kule Ujerumani, 1864, kuwatoa wakulima mikononi mwa wakopeshaji waliokuwa wanawanyonya, na Alphonse Desjardins akaifuata kule Lévis, Quebec, mwaka 1900, akipokea hata akiba ya senti 10. Faida ikipatikana inarudi kwa memba kama gawio au riba inashushwa. Uingereza sheria inavizuia vyama hivi kutoza zaidi ya asilimia 3 kwa mwezi, na kwa mtu aliyezoea mikopo ya haraka ya mtaani hiyo ni nafuu kubwa sana.

Ila saccos inataka usajili, kanuni, ukaguzi wa mahesabu, na watu wenye chochote cha kuweka. LETS mnaweza kuanza na daftari na watu wachache mnaoaminiana, na asiye na kipato kabisa anaingia sawa na mwenye mshahara. Mi ningeanza na LETS, mkishajuana nani anatimiza ahadi na nani hatimizi ndo mfikirie saccos, kwa sababu kumjua mkopaji ni kitu benki inatafuta kwa makaratasi mengi na nyie mtakuwa nacho tayari. Vifaa lipaneni kwa pesa, kazi kwa pointi, la sivyo fundi atakuwa ananunua rangi kwa mfuko wake. Na huyo atakayewawekea hesabu mlipeni pointi kila mwezi, vikundi vingi vimekufa kwa sababu mtu mmoja alibeba kazi yote bure mpaka akachoka.