Mtumwa, mtumishi au mfanyakazi wa nyumbani? Majina ya watu wa nyumba katika agano la Kiebrania

Swali: Naandaa somo la Biblia juu ya nafasi ya watumishi wa nyumbani katika agano la Ibrahimu na Sheria ya Musa. Mwenzangu anataka tuandike "mfanyakazi wa nyumbani" kila mahali, kwani "mtumwa" linawakera vijana. Mwingine anasema "mtumishi" linatosha. Lipi sahihi? Na "mzaliwa nyumbani" wa Mwanzo 17 ni nani hasa?

Jibu: "Mfanyakazi wa nyumbani" liondoe kabisa kwenye mistari ya agano. Ni neno zuri na la heshima, lakini likiwekwa hapo linapindua sheria yenyewe. Fungua Kutoka 12:43-45, penye masharti ya Pasaka. Aliyenunuliwa kwa fedha, akishatahiriwa, anakula. Aliyeajiriwa hali. Sasa mfanyakazi wa nyumbani tunayemjua sisi ana mshahara, ana siku ya kuacha kazi, na ana kwao. Huyo ni mwajiriwa, ambaye Kiebrania kinamwita sakir. Ukimpa mnunuliwa jina hilo, umemkaribisha kwenye Pasaka mtu yule yule ambaye mstari unaofuata unamzuia.

Wala si mstari mmoja ulioteleza. Mambo ya Walawi 22:10-11 inarudia mpaka huo huo kwa nyumba ya kuhani: mgeni anayekaa kwake na mwajiriwa wake hawagusi chakula kitakatifu, ila aliyenunuliwa kwa fedha ya kuhani na aliyezaliwa nyumbani mwake wanakula. Msomaji wa leo anashangaa, kwa sababu tumezoea kwamba mwenye mshahara ndiye aliye juu. Kwa mshahara na uhuru wake, kweli alikuwa juu. Lakini agano lilimshika mtu kupitia nyumba yake. Mwajiriwa alikuwa wa nyumba nyingine. Jioni alirudi, au mwisho wa mwaka aliondoka. Mnunuliwa hakuwa na nyumba nyingine tena. Ndiyo maana Kutoka 12:48 inampa mgeni mkaazi njia ya kuingia: atahiri wanaume wote wa nyumba yake kwanza, ndipo aifanye Pasaka. Nyumba nzima inaingia, au haiingii.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua neno, uliza mambo mawili kuhusu mtu anayetajwa: aliingiaje katika nyumba hiyo, na anatokaje. Aliyeingia kwa fedha au kwa kuzaliwa, na hawezi kutoka kwa hiari yake, ni mtumwa. Aliyeingia kwa mapatano na anatoka siku zikitimia, ni mwajiriwa au mtu wa mshahara. "Mtumishi" lihifadhi kwa pale ambapo maandishi yanazungumzia cheo au kazi ya kutumwa, na hali ya mtu kisheria si hoja.

Tatizo la "mtumishi" ni kwamba linabeba vyote viwili. Maneno haya yametoka kwenye mzizi mmoja, tuma. "Mtumwa" ni jina la mtendwa, sawa na mzaliwa, mteuliwa, mpendwa: mwisho wa -wa unatuambia kwamba jambo limefanywa juu yake. "Mtumishi" limetoka kwenye tumika, na k ikageuka sh kama ilivyo kwenye andika na mwandishi, pika na mpishi. Huyo ni mtenda. Leo tunasema mtumishi wa umma, na wachungaji wanaitana "mtumishi" kwa fahari. Msikilizaji anayesikia kwamba mtumishi wa Ibrahimu alinunuliwa kwa fedha anabaki na picha mbili zinazogombana, na mara nyingi anaiacha ile ngumu.

Kiebrania chenyewe kina neno moja pana, eved, lenye undugu na abd la Kiarabu lililotupa "abudu" na "ibada". Musa ni eved wa Mungu, maofisa wa Farao ni avadim wake (wingi wa eved), na mtu aliyeuzwa sokoni ni eved. Kiswahili kinalazimika kuchagua kila mara. Musa anaitwa mtumishi, na ni sawa. Lakini kuna mahali ambapo kuchagua maneno mawili kunaua hoja. Katika Walawi 25:42 Mungu anasema Waisraeli ni avadim wake, aliowatoa Misri, kwa hiyo wasiuzwe kwa namna anavyouzwa eved. Nguvu ya sheria yote imo katika kulitaja neno hilo mara mbili: aliyekwisha kuwa mali ya mmoja hawezi kuuzwa kwa mwingine. Ukiandika "watumishi wangu" halafu "wasiuzwe kama watumwa", msomaji haoni kwa nini jambo la kwanza linazuia la pili. Hapo andika "watumwa" pande zote mbili, hata kama masikio yatasita.

Sasa "mzaliwa nyumbani". Mwanzo 17:12-13 inataja watu wawili wasio uzao wa Ibrahimu ambao lazima watahiriwe: yelid bayit, yaani aliyezaliwa nyumbani, na miknat kesef, aliyenunuliwa kwa fedha. Mtoto hutahiriwa siku ya nane. Watu wazima wa nyumba ya Ibrahimu walitahiriwa wote siku moja, yeye akiwa na miaka 99 na Ishmaeli 13. "Mzaliwa" hapa si mwana wa mwenye nyumba. Ni mtoto wa watumwa wake. Kosa la kawaida darasani ni kudhani kwamba mstari unazungumzia Ishmaeli na ndugu zake. Mwanzo 14:14 inawataja wazaliwa hao 318, wenye mafunzo, waliotoka na Ibrahimu kumwokoa Lutu. Wakati huo Ibrahimu hakuwa na mtoto hata mmoja.

Kiswahili cha pwani kina neno kamili kwa hili, nalo linapotea: mzalia, wingi wazalia. Katika historia ya Unguja, Mombasa na Lamu, mzalia alikuwa mtumwa aliyezaliwa hapa hapa, anayejua lugha, dini na desturi za mji, tofauti na mateka aliyeletwa karibuni kutoka bara, ambaye aliitwa mjinga maana alikuwa hajazijua bado. Mabwana walimwamini mzalia zaidi, na wazalia wengi walipewa kazi zenye madaraka. Uhusiano huo unafanana sana na ule wa yelid bayit. Tofautisha basi: "mzaliwa wa Tanga" ni mtu yeyote aliyezaliwa Tanga, "mzalia" ana historia ya utumwa ndani yake. Katika somo lako unaweza kuandika "mzaliwa nyumbani" kama maandishi yalivyo, kisha ueleze mara moja kwa "mzalia". Wasomaji wa pwani watakuelewa haraka kuliko kwa maelezo ya ukurasa mzima.

Kwa wanawake, Kiebrania kina shifha na ama, na Hajiri Mmisri anaitwa la kwanza katika Mwanzo 16 na la pili katika Mwanzo 21. "Mjakazi" linatosha kwa yote mawili. Epuka "kijakazi" isipokuwa unamaanisha msichana mdogo, maana ki- hapo inaweza kusikika kama dharau. Bilha na Zilpa walikuwa wajakazi wa Raheli na Lea. Walipomzalia Yakobo, wana wao Dani, Naftali, Gadi na Asheri walihesabiwa katika makabila 12 bila upungufu. Mwanzo 35:22 inamwita Bilha suria, na neno hilo liache kama lilivyo, kwa sababu katika sheria ya Kiislamu iliyotumika pwani pia mtoto wa suria akikubaliwa na baba yake ni mtu huru.

Kuna kundi moja zaidi linalochanganywa na haya: Mwebrania aliyeuzwa kwa deni. Kutoka 21:2 inampa miaka 6, wa saba anatoka bure. Kumbukumbu la Torati 15:13-14 inakataza asitoke mikono mitupu, bali apewe kutoka kundini, uwanja wa kupuria na shinikizo la divai. Akikataa kutoka, anatobolewa sikio mlangoni kwa uma, yaani chuma chenye ncha cha kutobolea, anabaki daima. Yeye ni mtumwa, lakini andika "mtumwa Mwebrania" kila mara, usilifupishe. Mgeni aliyenunuliwa hakuwa na mwaka wa saba. Walawi 25:44-46 inaruhusu arithiwe na watoto wa bwana wake.

Hapa ndipo ninapowaomba walimu wasilainishe. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya 1907, Tanganyika 1922. Si zamani sana, na kuna familia zinazokumbuka. Kijana anayekerwa na neno "mtumwa" amesikia sawasawa. Neno linauma kwa sababu hali yenyewe iliuma. Kuwa ndani ya agano kulimpa mtumwa Pasaka, pumziko la Sabato sawa na bwana wake (Kumbukumbu la Torati 5:14), nafasi kwenye furaha ya sikukuu (16:11 na 14), na uhuru kama bwana akimng'oa jino au kumharibu jicho (Kutoka 21:26-27). Hakukumfanya awe wake mwenyewe. Kutoka 21:21 inamwita fedha ya bwana wake. Mambo hayo yote yaseme kwa pamoja, kwa jina lake.

Na kama lengo la somo ni dada wa kazi na vijana wa bustani wa leo, mistari yao ipo, ila si ile ya Mwanzo 17. Ni ya sakir. Kumbukumbu la Torati 24:14-15 inataka ujira wa mwajiriwa maskini, awe ndugu au mgeni, ulipwe siku ile ile kabla jua halijachwa, na Walawi 19:13 inakataza ujira huo kulala kwako hadi asubuhi. Hapo andika "mwajiriwa" au "kibarua", na kama unataka, "mfanyakazi wa nyumbani" kwa raha zako.