Maswali ya Wasomaji: Vichekesho vya Uingereza na Kicheko cha Mwanza

Katika toleo lililopita niligusia kwa ufupi zile kanda za vichekesho vya runinga ya Uingereza zilizokuwa zikizunguka Mwanza kutoka nyumba hadi nyumba, zikiazimwa na kurudishwa, na mara nyingi zaidi zikiazimwa bila kurudishwa. Wasomaji wamenilaumu kwamba niliwaonjesha tu kisha nikaondoa sahani. Barua zilizofika ni nyingi kuliko nafasi niliyopewa, kwa hiyo nimechagua zile zenye swali, na zile za pongezi nimezisoma kwa furaha na kuziweka kando.

*Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Nansio, Ukerewe. Nilifundisha Kiingereza kwa miaka mingi, na jioni za Jumamosi walimu tulikuwa tukikusanyika kwa mwenzetu aliyekuwa na deki na jenereta, tukitazama Mind Your Language mpaka mafuta yaishe. Sasa mjukuu wangu, ambaye yuko chuo kikuu, ameniambia kwamba kipindi kile kiliwatukana wageni na kwamba si jambo la kujivunia. Je, miaka yote ile tulikuwa tukichekelea matusi bila kujua?*

Shikamoo, Mwalimu. Hukucheka peke yako, kwa hiyo nakujibu kama mshtakiwa mwenzako.

Nianze na yale yasiyobishaniwa. Kipindi hicho, ambacho jina lake ni onyo la kumtaka mtu achunge ulimi wake, kilitungwa na Vince Powell na kuanza kuonyeshwa Uingereza mwishoni mwa mwaka 1977. Mhusika mkuu alikuwa Jeremy Brown, mwalimu mpole aliyeigizwa na Barry Evans, akifundisha darasa la jioni jijini London kwa watu wazima waliotoka Italia, Ugiriki, Hispania, Pakistan, India, Uchina, Japani, Ufaransa na Ujerumani. Mwaka 1979 kilikatizwa na Michael Grade, mmoja wa wakuu wa kampuni iliyokitengeneza, kwa sababu aliona kwamba kinawachora wageni kwa namna ya kuwadunisha. Kilirudi kwa muda mfupi mwaka 1986, lakini utamu wake ulikuwa umekwisha. Kwa hiyo mjukuu wako hakuzua jambo, maana Waingereza wenyewe walilitamka kabla yeye hajazaliwa.

Mimi nakipima kwa kipimo cha kwetu, ambacho ni utani. Mtani anayekuja msibani leo akamkejeli marehemu na kuwachekesha wafiwa anajua kwamba msiba wake mwenyewe ukifika, hao hao watakuja na kejeli zao, naye atapaswa kuzipokea. Msukuma anayechekwa Dar es Salaam kwa sababu ya lafudhi yake hakosi la kumjibu yule anayemcheka. Sisi wa Kanda ya Ziwa tumezoea kuchekwa kwa namna tunavyobadilishana herufi l na r, hasa msimu wa uchaguzi, pale mtu anapowahimiza wananchi wajitokeze kwa wingi kupiga kula. Hata hivyo anayetucheka ana kasoro zake, nasi tunazijua. Utani una zamu, na zamu hiyo ndiyo inayouzuia usigeuke dharau.

Sasa litazame tena lile darasa. Kila mwanafunzi amepewa sifa moja tu, na haruhusiwi kuivua kuanzia sehemu ya kwanza hadi ya mwisho. Ranjeet Singh kazi yake ni kuomba radhi mara elfu moja na kugombana na Ali Nadim, Chung Su-Lee hatengani na kitabu cha Mao, Jamila anafuma. Hata waigizaji wengi hawakutoka katika nchi walizoziwakilisha. Albert Moses, aliyekuwa Singh wa India, alizaliwa Sri Lanka. Pik-Sen Lim, aliyekuwa Mchina, alizaliwa Malaysia. Na Ricardo Montez, aliyekuwa Mhispania, alitoka Gibraltar. Kwa mtayarishaji, mgeni yeyote aliweza kusimama badala ya mgeni mwingine. Hapo zamu haipo, na hapo mjukuu wako yuko sahihi.

Kuna jambo jingine ambalo inatupasa tulikiri, ingawa halitupendezi. Katika misimu ile mitatu ya mwanzo, ambayo ndiyo tuliyoitazama, hakuna mwanafunzi hata mmoja miongoni mwa wale wakuu aliyetoka Afrika. Tulicheka kwa raha kwa sababu dawati letu halikuwemo. Sijui kama kicheko kingekuwa kirefu vile iwapo katikati ya wanafunzi wale, Giovanni wa Italia na Max wa Ugiriki, angeketi mtu kutoka Sengerema akitamka Kiingereza kama tunavyokitamka.

Hata hivyo, Mwalimu, wewe ulikuwa na sababu nyingine ya kucheka, na hiyo siwezi kukuruhusu uinyang'anywe. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya darasa Ukerewe, akiwafundisha Kiingereza watoto wa Kikerewe, Kikara, Kijita na Kisukuma kwa pamoja, aliliona lile darasa la London kama lake. Zikumbuke zile sehemu ambazo mwanafunzi anaambiwa msemo wa Kiingereza, anauelewa neno kwa neno kama akili yoyote timamu ingeuelewa, na Brown anabaki ameduwaa kwa sababu hawezi kueleza kwa nini lugha yake imepinda namna ile. Pale anayejikwaa ni Kiingereza chenyewe. Wahindi nao nadhani waliliona hilo, kwani mwaka 1993 walitengeneza toleo lao, Zabaan Sambhalke, ambamo lugha inayowatoa watu jasho ni Kihindi. Hiyo naihesabu kuwa zamu iliyorudishwa.

Mwonyeshe mjukuu wako sehemu mbili au tatu, kisha umwachie azungumze. Yeye acheke au anune, ninyi walimu hamkuwa mkimcheka Mpakistani. Mlikuwa mkijicheka wenyewe na chaki zenu mikononi.

*Mhariri, mimi nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Nyumbani kwangu nakaa na mama mkwe ambaye anazungumza Kisukuma tu, na watoto ambao siku hizi wanachanganya Kiswahili na Kiingereza. Hakuna kipindi kinachotukalisha pamoja isipokuwa Mr. Bean. Kwa nini yule bwana haongei? Na ule wimbo wa kanisani mwanzoni unasema nini?*

Dada yangu, umeeleza sababu ya mafanikio yake vizuri kuliko wachambuzi wengi. Rowan Atkinson, ambaye alisomea uhandisi wa umeme hadi Oxford kabla ya kuhamia kwenye jukwaa, alikusudia mchezo wa vitendo utakaoeleweka popote bila mkalimani, kwa mfano wa zile filamu za zamani zisizo na sauti. Wale wafasiri wa kwenye vibanda vya video, waliokuwa wakisimulia filamu za kivita na za Kihindi kwa maikrofoni, kwa Bean hawakuwa na la kufanya. Huyo bwana si bubu. Anaguna, ananong'ona, na mara moja moja anatamka neno kana kwamba amelilipia.

Wimbo umeimbwa kwa Kilatini. Howard Goodall aliutunga kwa mtindo wa kwaya ya kanisani, na maneno yake ya ufunguzi maana yake ni "Tazama, huyu ndiye mtu ambaye ni haragwe," kwa kuwa bean kwa Kiingereza ni haragwe. Mama mkwe wako akielezwa hivyo kwa Kisukuma, nadhani atacheka upya. Ona pia kwamba mwanzoni Bean anadondoka kutoka juu katikati ya duara la mwanga, kama mtu aliyeteremshwa duniani bila kupewa maelekezo.

Ni ajabu kwamba kipindi chenyewe kilikuwa kifupi. Kilianza tarehe 1 Januari 1990 na kukoma mwaka 1995, na sehemu zote ni 15 tu. Kilichowafanya watoto wako waamini kwamba hakimaliziki ni katuni zilizofuata kuanzia mwaka 2002. Mimi nikiulizwa ipi naipenda, nitataja mtihani wa hesabu wa sehemu ya kwanza: amesoma trigonometria usiku kucha, anafungua bahasha na kukuta kalkulasi, anahangaika kuibia kwa jirani kwa kila hila, na muda unapokwisha ndipo anagundua kwamba ndani ya bahasha hiyo hiyo kulikuwa na karatasi nyingine, yenye trigonometria yake yote. Aliyewahi kufanya mtihani wa kidato cha nne hahitaji kutafsiriwa jasho lile. Ya pili ni ile ambayo kiti cha sofa alichonunua kimefungwa juu ya paa la gari lake dogo aina ya Mini, naye amekikalia huku akiliendesha gari kutoka huko juu kwa kamba na ufagio. Jaribu kuiwazia safari hiyo ikiteremka mlima wa Bugando.

Zamu hapa haina utata, kwa sababu Bean ni Mwingereza, na anayeaibika daima ni yeye mwenyewe.

*Naandika kutoka Igoma. Naomba kujua mambo mawili: je, ITV hii yetu ndiyo iliyotengeneza Mr. Bean? Na je, ni kweli kwamba mwigizaji wake amefariki?*

Hapana, na hapana. ITV iliyoonyesha Mr. Bean ni ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1955. Ya kwetu ilianza mwaka 1994, nayo ni miongoni mwa vituo vya kwanza vya runinga Tanzania Bara, ilhali Zanzibar walikuwa na runinga tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ndiyo maana vijana wa Mwanza wa wakati huo walivijua vichekesho hivi kwa kanda kabla ya kuvijua kwa antena. Kuhusu kifo, huo ni uzushi unaorudi kila baada ya muda kwenye simu za watu. Atkinson alizaliwa Januari 1955, ameendelea kuigiza, na mwaka 2022 alitoka na mchezo mwingine ambamo anapambana na nyuki mmoja ndani ya nyumba ya kifahari.

*Nafanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja hapa mjini. Mgeni Mzungu aliniambia, baada ya kumsikia msimamizi wetu akimfokea mhudumu mbele ya wateja, kwamba anajiona yuko Fawlty Towers. Nilikitafuta kipindi hicho nikakimaliza kwa siku mbili. Kwa nini ni kifupi hivyo, na kwa nini nilimhurumia Manuel badala ya kucheka?*

Umekimaliza kwa siku mbili kwa sababu kina sehemu 12 tu, sita za mwaka 1975 na sita za mwaka 1979. John Cleese na Connie Booth walikiandika wakiwa mume na mke, na kufikia msimu wa pili walikuwa wameshaachana, lakini wakaendelea kuandika pamoja bila kupunguza ukali wa kazi yao; kila sehemu waliisuka kwa muda mrefu, ukivuta uzi mmoja yote inafumuka. Wazo lilitokana na hoteli halisi ya mji wa Torquay, ambako Cleese na wenzake wa kundi la wachekeshaji la Monty Python walilala mwaka 1970 na kupokewa na mwenye hoteli aliyewaona wateja kama kero.

Huruma yako naielewa, kwa kuwa umekaa upande ule wa kaunta. Manuel, mhudumu kutoka Barcelona, anapigwa kwa kila kitu kilicho karibu na mkono. Andrew Sachs, aliyemwigiza, wala hakuwa Mhispania bali mzaliwa wa Berlin, na aliumia kweli: katika tukio la moto jikoni, kemikali zilizopakwa kwenye koti ili litoe moshi zilimuunguza. Kipindi kilipopelekwa Hispania, Manuel alibadilishwa akawa Mwitaliano, nadhani ili kila taifa lipate wa jirani wa kumcheka. Lakini kitazame tena ukimfuata Basil, mwenye hoteli. Kila uongo anaoutunga ili aonekane bwana mkubwa unarudi kumwangukia kabla ya sehemu kuisha, na mkewe Sybil anakuwepo kushuhudia. Msimamizi wenu ningependa akitazame, ila usiseme kwamba ni mimi niliyemshauri.

*Sisi ni mume na mke wa Pasiansi. Tunabishana kuhusu Keeping Up Appearances. Mume wangu anasisitiza kwamba Sheridan, mtoto wa Hyacinth, aliwahi kuonekana kwenye kipindi. Mimi nakataa. Tumewekeana sato mmoja mkubwa.*

Kabla ya hukumu, niseme kwamba huyu mama ndiye ninayempenda kuliko wote. Hyacinth, aliyeigizwa na Patricia Routledge kati ya mwaka 1990 na 1995 katika utunzi wa Roy Clarke, ameolewa katika ukoo wa Bucket, jina ambalo kwa Kiingereza ni ndoo, naye anawalazimisha watu walitamke kana kwamba ni shada la maua kwa Kifaransa. Nyumba yake naijua. Ina kabati la vioo lenye vyombo vya wageni ambavyo wenye nyumba hawajawahi kulia, na makochi yenye vitambaa vya kudarizi ambavyo mtoto akivisogeza anaitwa kwa majina yake yote matatu. Jirani yake Elizabeth akikaribishwa kahawa anatetemeka mpaka kikombe kinamponyoka, na si kwa uzembe, bali kwa kuonywa mno asikivunje. Nje wanasubiri dada yake Daisy na shemeji yake Onslow, ambaye anapokea wageni akiwa na fulana ya ndani, na ambao Hyacinth angetamani wasifahamike kabisa kuwa ni ndugu zake.

Sheridan ni sauti tunayoihisi upande wa pili wa simu, akiomba fedha, huku mama akimsifu na baba akizidi kunyong'onyea. Sura yake haikuonyeshwa hata mara moja. Basi shemeji wa Pasiansi ndiye mwenye deni la sato; aende sokoni mapema kabla jua halijapanda, maana baada ya saa nne sato wakubwa huwa wameshachukuliwa.