"Wewe ni wa Nani?" Ushauri kwa Anayetaka Kwenda Panigiri ya Kijijini Ugiriki

Swali la kwanza nililolisikia kijijini, kwenye kisiwa cha Ikaria, halikuhusu jina langu. Mzee mmoja aliyekaa nje ya mgahawa wa kahawa alimtazama bibi niliyekuwa nimemshika mkono, akanitazama mimi, kisha akamuuliza: "Tinos ine?" Ni wa nani huyu? Bibi akajibu papo hapo: "Dikia mu." Wangu. Maswali yakaisha hapo, nikaletewa kiti.

Nilikuwa nikimhudumia bibi yule nyumbani kwake Athens, na kila Agosti alirudi kisiwani alikozaliwa. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu nako mtoto mgeni akionekana mtaani huulizwa "mtoto wa nani wewe?" kabla hajaulizwa anatafuta nini. Kwa hiyo nililielewa swali la mzee kuliko nilivyokielewa Kigiriki chake. Tangu mwaka ule nimehudhuria panigiri nyingi, na ushauri wangu wote unaanzia hapo: usiende panigiri ukiwa huna mwenyewe.

Panigiri ni sikukuu ya mtakatifu wa kijiji. Jioni ya kuamkia siku yenyewe kuna sala, asubuhi ibada kubwa, kisha watu hutoka uwanjani kula, na muziki ukianza huenda hadi alfajiri. Kubwa kuliko zote ni ya tarehe 15 Agosti, siku ya Kulala kwa Bikira Maria. Wanaoshika dini hufunga kuanzia tarehe 1 hadi 14, bila nyama, maziwa wala mayai, kwa hiyo chakula cha tarehe 15 kina uzito wa futari. Athens hubaki kimya, maana kila mwenye kijiji amerudi kwao. Ikaria zipo karibu kila wiki ya kiangazi: tarehe 17 Julai kijijini Arethousa kwa Mtakatifu Marina, tarehe 6 Agosti Christos Raches, tarehe 15 Agosti Langada. Langada ndiyo yenye sifa, na siku hizi hujaa maelfu ya watu kutoka kila pembe. Mimi nakushauri uchague kijiji kidogo. Penye watu mia mbili utajulikana. Penye maelfu utapita kama upepo.

Sasa, unakuwaje wa mtu kama huna bibi wa kukushika mkono? Fika siku tatu au nne kabla. Kila asubuhi kaa kwenye kafenio, ule mgahawa wa kahawa ambao ndio baraza ya kijiji, agiza kahawa yako, salimia kila anayeingia, usiwe na haraka. Siku ya kuamkia sikukuu, wanakijiji hubeba meza na mabenchi kwenda uwanjani. Nenda ukashike upande mmoja wa meza. Hakuna atakayekuomba, na hakuna atakayekufukuza. Usiku wa sikukuu mtu akiuliza wewe ni wa nani, yule uliyebeba naye meza atajibu.

Jambo la pili ni fedha. Wageni wengi hulikosea kwa sababu hawalijui. Kwenye panigiri za Ikaria nyama ya mbuzi huuzwa kwa kilo na mvinyo kwa chupa. Unapanga foleni, unalipa taslimu, unabeba mwenyewe hadi mezani. Faida haiingii mfukoni mwa mtu. Ni fedha ya kijiji: barabara, mabomba ya maji, paa la shule, kanisa. Ikaria ni kisiwa cha milima na mabonde ambacho kimezoea kujitegemea. Mwaka 1912 wenyeji walijikomboa kutoka utawala wa Osmani wakajitawala kwa miezi michache kabla ya kuungana na Ugiriki, na mpaka leo mambo mengi huyafanya kwa michango. Aliyekulia penye harambee, au penye maulidi ya mtaa ambapo kila nyumba hutoa mchele au mbuzi, hahitaji maelezo zaidi. Ukija na mkate wako mkobani, ukakaa benchi lao na kucheza muziki wao bila kununua hata saladi, umekula mchango wa watu. Nunua kitu, hata kama hukimalizi.

Kwa Waislamu wenzangu: inawezekana kwenda, na kwenda kwa heshima. Mimi sinywi, na mbuzi yule simli kwa kuwa hakuchinjwa kwetu. Nilimwambia bibi mapema, naye akawaambia majirani, na siku ya siku nikawekewa dengu zilizookwa kwenye oveni, jibini ya mbuzi iitwayo kathura, mkate, saladi na tikitimaji. Kosa ni kungoja mpaka sahani iko mbele yako ndipo ukatae. Sema mapema, weka mkono kifuani, "den pino", yaani sinywi. Na meza ya jirani ikikutumia chupa, kwa sababu ndiyo desturi yao ya kumkirimu mtu, usiirudishe, wala usikimbilie kulipa papo hapo kana kwamba ni deni. Wapokelee walio nawe mezani, waangalie waliotuma, inua glasi yako ya limonada, sema "ya mas", yaani afya yetu. Nafasi yako ya kutuma itafika baadaye usiku, au mwaka mwingine.

Kanisani, funika mabega na magoti. Mimi husimama uani. Siku za sikukuu padri hubariki mikate mitano, ikakatwa vipande na kugawiwa watu wote waliopo. Nilipopewa changu nilikipokea kwa mikono miwili nikampa bibi. Hakuna aliyenitazama vibaya. Wanawake wazee wa kisiwani wenye leso nyeusi kichwani waliutazama mtandio wangu, mmoja akaniweka sawa upindo wake kama ambavyo shangazi yangu angefanya.

Kisha ngoma. Ikariotiko huongozwa na fidla. Watu hushikana mabegani kwenye duara, hatua zikianza polepole sana, kisha fidla inakaza mwendo mpaka ardhi inatetema. Mwaka wa kwanza nilisimama pembeni na simu juu. Mama mmoja jirani akanishusha mkono taratibu, akaniweka kati yake na binti yake. Picha za usiku ule sina, lakini hatua ninazo. Dada mwenye stara anaweza kuomba kushika kati ya wanawake wawili, wataelewa. Ukikosea hatua, angalia miguu ya wa kulia wako na uendelee. Usichomoke katikati ukavunja duara.

Lakini usidhani sheria za Ikaria ni za Ugiriki nzima. Mwaka bibi alipofariki, rafiki alinialika kijijini kwao Epirus, milima ya kaskazini magharibi. Huko mwenye uwanja ni klarineti, ala ya kupuliza kama zumari. Na panigiri haikuanza kwa furaha. Ilianza kwa mirologi, wimbo wa kuomboleza, klarineti peke yake ikilia kwa sauti ya mtu, na meza zote kimya. Rafiki yangu aliniambia kwamba kwanza huwakumbuka waliokufa, ndipo walio hai wanacheza. Nililia bila kujificha, na si mimi peke yangu. Ukifika mahali hapo, weka glasi chini, funga mdomo, na simu iache mfukoni.

Huko huko nilikosea vibaya. Duara lilipoanza niliingia mbele, karibu na anayeongoza, nikidhani ni kama Ikaria. Kumbe familia moja ilikuwa imewalipa wapiga muziki wawapigie wimbo wao, na nafasi ya mbele ni ya mtu wao, kwa zamu. Waliniacha nimalize, ila nyuso zilibadilika. Nilikwenda mezani kwao nikaomba radhi, na baba wa familia akanivutia kiti. Basi shika hili: popote bara, ingia mkiani mwa mstari, na kama huna uhakika wimbo ni wa nani, uliza kwanza. Sherehe za Agosti za vijiji viwili vya milimani, Syrrako na Vlasti, ziliingizwa na UNESCO mwaka 2022 kwenye orodha ya urithi usioshikika, na ukiona jinsi kijiji kinavyotunza zamu na nafasi za watu wake kwenye duara utaelewa kwa nini.

Maneno machache yatakubeba mbali. "Khronia pola", miaka mingi, mwambie kila Maria, Despina na Panagiotis tarehe 15 Agosti, kwa kuwa ndiyo siku ya jina lao. Hiyo kh ni ile ya subalkheri. "Ya sta kheria sas", afya kwa mikono yenu, mwambie aliyepika. "Ke tu khronu", na mwakani tena. Ukimsifia mtoto, malizia kwa "ftu ftu ftu", kama kutema mate kidogo. Pwani tungesema mashallah, na hofu ya kijicho ni ile ile.

Safari yenyewe: meli kutoka Piraeus hadi Ikaria huchukua saa saba au zaidi, na tikiti za katikati ya Agosti huisha mapema. Upepo mkali wa kaskazini waitwao meltemi unaweza kuchelewesha meli, kwa hiyo usipange kurudi kazini kesho yake. Beba sweta, milimani usiku kuna baridi hata Agosti. Panga kabla ya jua kuzama nani asiyekunywa atashika usukani, maana barabara zina kona na magenge ya mlima.

Na usiende mikono mitupu. Mimi hubeba karafuu. Wao huita garifalo, huitia kwenye keki na michuzi ya nyama, na kila mwaka mama yule jirani huifungua pakiti palepale bandarini, akainusa kwanza kabla ya kunisalimia. Nikiondoka hunipa mtungi wa asali ya mlimani na kuniambia "kalo khimona", majira mema ya baridi, jua likiwa bado linachoma. Jibu ni lile lile, "kalo khimona". Na asali usiikatae, hata kama begi limeshajaa.