Mjomba, niende porini au nibaki baharini?

Mpwa wangu alinijia juzi hapa Mikindani, akakaa kwenye jamvi, akanywa chai yote, ndipo akatoa lililomleta. Amepata nafasi mbili za kibarua. Moja ni kambi ya uwindaji wa kitalii upande wa Liwale, nyingine ni boti inayopeleka wageni kuvua samaki wakubwa kwa mshipi. Aende wapi? Kwa mila zetu huku Kusini mpwa akiuliza, mjomba hana ruhusa ya kujibu "utajua mwenyewe". Na vijana wengine wanne wameshaniuliza swali hilohilo, basi nalijibu hapa mara moja.

Nimezifanya kazi zote mbili. Porini nilikaa misimu minne, nikianzia kubeba kuni na maji ya kuoga ya wageni, nikaishia kutembea nyuma ya msoma nyayo. Baharini ndiko nilikozaliwa.

Jambo la kwanza, na ukilishika hili mengine utayaelewa mwenyewe: porini uamuzi hufanywa kabla, baharini hufanywa baada. Samaki unamvuta humjui. Unamwona akishafika ubavuni mwa boti, na hapo bado unaweza kusema huyu mdogo, aende. Tandala huwezi kumpiga kwanza ndipo umpime. Kwa hiyo kazi yote ya porini ni kutazama. Mtatembea kilomita kumi na tano, mbung'o wanawauma hadi kwenye kope, mnamwona mnyama, mnalala chini, mnamtazama nusu saa kwa darubini, mnaondoka mkono mtupu. Kijana mwenye pupa huko hafai.

Tandala mkubwa dume pembe zake zimesokotwa, na hizo ndizo mgeni anazozifuata. Msokoto wa kwanza hutimia akiwa na umri wa kama miaka miwili, na misokoto miwili na nusu haitimii mpaka afike karibu miaka sita. Majike hayapigwi, na dume kijana ni aibu. Sasa jioni, jua likiwa nyuma ya mnyama, pembe zinarefuka machoni kama kivuli cha mnazi. Mwaka wangu wa pili tulikuwa na mgeni aliyekuwa na siku mbili tu zilizobaki. Mwindaji bingwa, yule anayemwongoza mgeni, akamwambia angoje mnyama ageuze kichwa. Hakungoja. Tulipofika pale mnyama alipolala, ncha za pembe zilikuwa bado hazijamaliza hata mzunguko wa pili. Kambini mchunaji ngozi akatandaza utepe wake, akapima, akaukunja bila kuisoma namba kwa sauti. Usiku ule hakuna aliyepiga soga motoni.

Na kuna lililo baya kuliko hilo: mnyama aliyejeruhiwa. Kwa sheria zetu, ukimwaga damu umeua, hata asipopatikana, na ada yake inalipwa. Nilishawahi kufuata matone ya damu siku mbili, tone moja kila hatua thelathini, mpaka majani makavu yakatunyima njia. Mgeni alilipa. Hela ile haikumfurahisha mtu, maana sote tulijua mnyama yuko mahali fulani anakufa polepole.

Wageni wengi ni Wamarekani, nao watakusimulia habari za mnyama wa kwao ambaye kamusi humwita kulungu. Usichanganyikiwe, siye kulungu wa vichaka vyetu. Yule wao ana pembe za matawi, mfupa mtupu, zinazodondoka kila mwaka baada ya msimu wa kupandana na kuota upya. Watu huziokota msituni kama sisi tunavyookota embe. Kwa hiyo mwindaji wa kule aweza kumjua dume mmoja kwa miaka, amwache leo akiwa na miaka mitatu ili amkute wa miaka sita, pembe zimetanuka. Husubiri juu ya mti, kwenye kiti alichokifunga, siku baada ya siku, kwenye ardhi yake au ya rafiki yake. Wana hata klabu, Boone and Crockett, iliyoanzishwa mwaka 1887, yenye utaratibu wake wa kupima kila tawi kwa inchi na kupunguza alama pembe za kulia na kushoto zisipolingana.

Nakueleza hayo kwa sababu mgeni wa namna hiyo huja na mazoea yake. Mmoja alikataa tandala mzuri mno, mzee, ncha zimeshaanza kulika, akisema mwakani atakuwa mkubwa zaidi. Pembe ya tandala haidondoki, na ncha ikilika au ikivunjika ndiyo basi. Na mwakani yeye hatakuwepo! Ilibidi aelezwe kwa upole, kwenye kahawa, si mbele ya wenzake.

Baharini mambo ni mengine, na watu hudhani ni mepesi zaidi kwa sababu samaki hurudishwa. Mimi nilidhani hivyo pia. Kisha tukapata nduaro, yule samaki mkubwa mwenye mdomo kama mkuki, nje kabisa, kwenye maji ya buluu. Mgeni alitaka avue kwa uzi mwembamba ili apate sifa, tukamkubalia. Pambano lilichukua muda wa saa mbili na nusu. Samaki alipofika alikuwa amefifia rangi, tukamtoa ndoana, tukampiga picha, tukamwachia. Akageuka tumbo juu, akazama hivyohivyo. Wageni walipeana mikono. Nahodha hakuongea mpaka tulipofunga kamba gatini.

Tangu siku hiyo sikubali ujinga huo. Uzi uwe wa nguvu inayomfaa samaki, pambano liwe fupi. Ndoana iwe ya duara, inayoshika pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa. Lowesha mikono kabla ya kumshika, usimwinue kwa mkia, usimlaze kwenye mbao za moto. Mshike akiwa majini, boti itembee taratibu kwenda mbele, maji yapite kwenye matamvua yake mpaka apige mkia mwenyewe. Hapo ndipo umwachie.

"Mjomba, uzito tutaujuaje bila kumpandisha?" Mpwa wangu ana akili, ila hesabu alizikimbia. Chukua utepe. Pima urefu wake kwa sentimita, pima mzingo wa mwili pale alipo mnene, zidisha urefu kwa mzingo, zidisha tena kwa mzingo, gawa kwa 29,000. Kolekole wa sentimita 110 mwenye mzingo wa 80 ni kama kilo 24. Haipo sawasawa kabisa, lakini mgeni ataondoka na namba, na kwa urefu, mzingo na picha mafundi wa kwao humtengenezea sanamu ya kutundika ukutani. Akitaka rekodi rasmi ni habari nyingine. Shirika la IGFA, linalotunza rekodi za dunia za samaki wa mshipi na lililoanza mwaka 1939, halikubali uzito uliopimwa botini. Samaki apimwe nchi kavu. Na mtu mwingine akigusa fimbo ya kuvulia au uzi wakati wa pambano, rekodi imekufa. Hili nililijua kwa kufokewa. Mgeni aliteleza, nikadaka fimbo yake ili isiangukie majini. Nilidhani nitashukuriwa.

Kuna jingine la baharini ambalo porini halipo. Kule dume ndiye mwenye pembe, ukimwondoa mzee mmoja kundi linaendelea. Baharini nduaro mkubwa sana karibu kila mara ni jike. Madume mara chache hupita kilo 200. Ukimuua yule wa kupigia picha, umeua mama na mayai yake. Chewa wengi nao ni kinyume, huzaliwa majike na wakikua sana hugeuka madume, kwa hiyo ukimaliza wakubwa umewaacha majike bila mume. Miamba yetu ilishapigwa baruti vya kutosha. Ukienda Msimbati, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, kibali kwanza, na uliza wapi panaruhusiwa.

Sasa lililonisumbua zaidi, na sina jibu lake safi. Nyama ya porini huliwa. Hukaushwa kambini, nyingine hufika vijijini. Siku moja kwenye pwani ya Ruvula tulimrudisha kolekole mkubwa mbele ya mzee mmoja aliyekuwa kwenye mtumbwi wake, ameamka tangu saa kumi usiku, chomboni ana changu watatu wadogo. Akatuuliza, bila hasira, "Wanangu, huyo amewakosea nini mpaka mmtupe?" Nahodha akamweleza habari za samaki kuzaa. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema wajukuu wake nao wamezaliwa. Siku hizi nikiwa na usemi botini, nguru na jodari tunaowapata kwa kurambaza, yaani kuburuta chambo nyuma ya boti, wanashuka ufukweni, na namwambia mgeni mapema kuwa ndivyo tunavyofanya. Sijapata aliyekataa.

Kuhusu majira, shukuru Mungu hazigongani sana. Uwindaji hufunguliwa Julai 1, wakati kusi inavuma na boti ndogo hazina raha. Nyasi zikishaungua Agosti na Septemba, unaona mbali. Mvua zikianza barabara za Liwale zinageuka uji, lakini huku maleleji yametulia na kaskazi inaingia, wageni wa samaki wanakuja. Tatizo ni Oktoba na Novemba. Ni msimu wa korosho. Mama yako atakupigia simu kila jioni, na atakuwa na haki. Patana na kambi tangu mwanzo, kwa maandishi, siku utakayoondoka.

Nilimwambia aanze na pori. Macho ya kungoja hufundishwa huko, na akiyapata atavua vizuri. Amekubali, ingawa nadhani alikuwa ameshaamua kabla ya chai. Nimempa viatu vyangu na kile kifuko cha majivu cha kupimia upepo. Viatu vinambana kidogo kwenye kidole gumba. Amesema atavilowesha.